Maisha ya Damas Kasian Luambano, Mpiga Solo wa Boriti Jazz

Baba Paroko, mashehe na wazee wa Kibiti, viongozi wa kata, majirani, watani, na ndugu mliofika kutoka Songea na Dar es Salaam licha ya barabara kukatwa na maji, familia inawaomba mkae vizuri na mtuvumilie, kwa kuwa maisha tunayoyasoma leo, tarehe 11 Mei 1998, yana sehemu moja ambayo wengi wenu mliisikia nusunusu, na marehemu mwenyewe aliagiza isomwe yote, mbele ya watu wote, kabla mwili wake haujashushwa kaburini.

Marehemu Damas Kasian Luambano alizaliwa tarehe 14 Machi 1946 katika kijiji cha Maposeni, karibu na misheni ya Peramiho, wilaya ya Songea, akiwa mtoto wa nne wa mzee Kasian Luambano na mama Adelina Gama, ambao wote wametangulia mbele ya haki. Alikuwa mtoto mkimya, asiyependa ugomvi wala maelezo marefu, na mama yake alizoea kusema kwamba Damas akikwazwa hapigi kelele, anahama tu kutoka kwenye mkeka, anakwenda kukaa peke yake mpaka afuatwe. Tabia hiyo hakuiacha alipokua, na mtaona mbele ilivyomgharimu.

Alisoma shule ya msingi Peramiho kuanzia mwaka 1954 hadi 1957, akaendelea na shule ya kati hapo hapo kuanzia 1958 hadi 1961, kisha akaingia shule ya ufundi ya misheni, ambako kuanzia Januari 1962 hadi Desemba 1964 alifundishwa useremala na kunoa misumeno mikubwa na Bruda Odilo, mtu mkali lakini mwenye haki. Bruda Odilo alimfundisha kuugonga msumeno kwa ukucha na kuusikiliza kabla ya kuutia tupa, kwa maana bamba lililokaza vizuri hulia sauti moja kutoka mwanzo hadi mwisho, na lililolegea hulia sauti mbili. Ni Bruda huyo huyo aliyemwachia ashike gitaa la kawaida, lisilo la umeme, siku za Jumapili baada ya ibada ya jioni, na kwa maneno ya marehemu mwenyewe, hapo ndipo alipotambua kwamba masikio yake yalikuwa na kazi nyingine zaidi ya misumeno.

Baada ya masomo alifanya kazi ya kunoa misumeno Songea na baadaye Masasi, hadi tarehe 1 Februari 1971 alipoajiriwa hapa Kibiti na Kiwanda cha Mbao na Boriti, kile kilichokuwa kikipasua magogo kutoka misitu ya Mkongo na kupokea boriti za mikoko kutoka huko delta, mto unapoingia baharini. Alifunga ndoa takatifu na Bi. Tereza Danstan Mbawala tarehe 8 Septemba 1973 katika kanisa la Peramiho, na Mungu akawajalia watoto watatu, Richard aliyezaliwa mwaka 1975, Emmy aliyezaliwa 1978, na Consolatha aliyezaliwa 1983, ambao wote wapo hapa.

Mwaka 1974 kiwanda kilianzisha bendi ya wafanyakazi, ikaitwa Boriti Jazz, na mwezi Julai lori la kiwanda likarudi kutoka Dar es Salaam na vyombo, kati yake gitaa jekundu la umeme, ambalo alikabidhiwa Damas, na amplifaya kubwa ya vali, nzito kama mfuko wa saruji, ambayo alikabidhiwa mwendesha jenereta wa kiwanda, Bwana Nassibu Twalibu Mbonde, mwana wa mzee Twalibu Mbonde wa Kibata, milima ya Umatumbi. Wangoni na Wamatumbi ni watani tangu enzi za mababu waliopigana vita, kwa hiyo hawa wawili hawakuhitaji kutambulishwa, walianza kutukanana siku ile ile wakiwa bado wanashusha masanduku.

Kwa wale ambao hawakuwahi kusimama karibu na jukwaa, ni vema kueleza kidogo, kwa sababu maisha ya marehemu yalizunguka hapo. Gitaa la umeme halina tumbo la kutoa sauti kama gitaa la kawaida, ni ubao mzima tu, na chini ya nyuzi zake zimekaa pikapu, yaani sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba kama unywele, ambazo huusikia uzi unavyotikisika na kuugeuza mtikisiko huo kuwa umeme mdogo sana. Gitaa la Damas lilikuwa na pikapu mbili, moja karibu na shingo, penye sauti ya mviringo na nzito kama ya mtu mzima anayezungumza taratibu, nyingine karibu na daraja zinapofungiwa nyuzi, penye sauti kali na nyembamba, na yeye alipenda ile ya shingoni. Umeme huo mdogo husafiri kwa waya hadi kwenye amplifaya, nayo huukuza, lakini haiukuzi kama ulivyo. Vali, yaani zile taa ndogo za kioo zilizomo ndani yake, zikishapata moto huongeza kitu chao, sauti hupata unene, na ukizilazimisha kidogo huanza kukwaruza kwenye kingo, ukwaruzaji mtamu ambao Kibiti nzima iliutambua kutoka mbali kuwa ni Boriti Jazz wanaanza.

Hao wawili walibishana miaka yote kuhusu sauti ile inatoka wapi, na mabishano yao yalikuwa sehemu ya burudani, watu wakiwahi ukumbini mapema ili wayasikie.

"Wewe Mngoni," Nassibu alikuwa akisema, huku akilipiga sanduku lake kofi la upendo, "hilo lako ni ubao wa kukatia nyama. Anayeimba ni huyu hapa."

"Huyo ni banda la kuku," Damas alijibu bila kuinua kichwa, akiendelea kukaza nyuzi. "Nisipogusa mimi, kuna kitu kinatoka humo?"

"Kinatoka. Joto. Naweza kukuchemshia chai, maana nyie kwenu mlizoea kunywa maji ya kuporwa."

"Babu yako alimwona babu yangu akakimbilia pangoni, na huko pangoni ndiko mlikojifunzia kuzungumza na masanduku."

Lakini wakishamaliza kutukanana, Nassibu aliinama kwenye vitufe, akapunguza besi kidogo, akaongeza nguvu kidogo, huku akimtazama Damas usoni, si kwenye vidole, na Damas alipofumba macho basi Nassibu aliondoa mkono, ndiyo ilikuwa ishara yao, na kwa miaka kumi na minane walitafuta sauti namna hiyo, kila walipopiga, Kibiti, Ikwiriri, Utete na hata Mkongo kwenye sherehe za mavuno.

Mwezi Juni 1992 kiwanda kilifungwa, kama vilivyofungwa viwanda vingine vya umma wakati ule, na mfilisi alipoondoka, kila mtu alijitahidi kuondoka na alichoweza kushika, wengine mabati, wengine mikanda ya mashine, wengine hata bawaba za milango. Wanamuziki wao walikaa kikao, wakagawana vyombo kwa amani, na kwa kauli ya wote, pamoja na ya Nassibu, gitaa jekundu na amplifaya ya vali vikawa mali ya Damas, vikahamishiwa kwenye chumba cha uani nyumbani kwake.

Tarehe 3 Agosti 1992 mama Adelina alifariki dunia Maposeni. Simu ya maandishi ilipofika, Damas na Tereza walifunga nyumba wakaondoka siku hiyo hiyo pamoja na watoto, wakamwachia ufunguo jirani yao, Bi. Mwanawetu Sadala, wakakaa Songea hadi katikati ya Septemba. Waliporudi walikuta Bi. Mwanawetu ameuacha ufunguo kwa jirani wa pili, mwenyewe keshateremka zake delta, upande wa Salale, kulima mpunga na wanawe, na Damas alipofungua chumba cha uani alikuta gitaa lipo ukutani, lakini pale ilipokuwa amplifaya pana alama ya vumbi tu yenye umbo la sanduku.

Alitoka nje, akamuuliza Bwana Abdalah, aliyekuwa mlinzi wa kiwanda, amplifaya imekwenda wapi, na Abdalah akacheka, akasema, "Si Nassibu kaja na toroli kaichukua? Watu wote tunaangalia!" Damas hakuuliza zaidi. Alifikiri juu ya yale mabati na zile bawaba, akafikiri na juu ya kicheko cha Abdalah, akaona kwamba mji mzima ulisimama ukimtazama rafiki yake akimwibia wakati yeye anamzika mama yake, na kwamba walilifurahia jambo hilo.

Juma lililofuata alikutana na Nassibu kwenye njia ya sokoni. Nassibu alitabasamu kwa mbali, akaweka mikono kiunoni, akasema, "Mngoni, umekuja mikono mitupu?" Damas alimtazama, akampita bila salamu. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kwa wawili hao kusemeshana hadi mwaka huu wa 1998.

Baada ya hapo marehemu alifungua karakana yake ya useremala na kunoa misumeno karibu na barabara kuu, akailisha familia yake na kuwasomesha watoto, na siku za Jumapili alipigia kwaya ya kanisa. Lakini sauti hakuwa nayo. Kwanza aliunganisha gitaa kwenye spika ya kanisa yenye mdomo wa kengele, ambayo ilitengenezwa kwa ajili ya matangazo, na wimbo wa sadaka ukasikika kama anayetangaza mnada. Kisha Richard, ambaye wakati huo alikuwa ameanza biashara ndogo Kariakoo, ambako maduka yalikuwa yamejaa vitu vipya vya kila namna kutoka nje, alimletea amplifaya ndogo ya transista, nyepesi, inayong'aa, ambayo ilikuza kila kitu kwa uaminifu na haikuongeza chochote, na Damas alimshukuru mwanawe kwa dhati, akaipiga Jumapili tatu, akaifunika. Emmy alipomuuliza ina ubaya gani, alijibu, "Haina ubaya, mwanangu. Inarudia ninachosema, lakini hainijibu."

Kwa kuwa hakutaka kukiri kwamba alichokikosa kiko nyumbani kwa Nassibu, alianza kulilaumu gitaa. Alisema pikapu ya shingoni imechoka, sumaku imekufa, na mwaka 1995 alimpelekea fundi redio wetu, Bwana Bushiri, aifumue na kuizungushia waya mpya. Bushiri hakuwa na waya mwembamba kama ule wa awali, alitumia wa transfoma iliyoungua, ambao ni mnene kidogo, kwa hiyo mizunguko iliyoenea ilikuwa michache, na gitaa likatoka na sauti ya chini zaidi na ya wazi zaidi, safi lakini dhaifu, kama ya mtu aliyepona homa. Damas alilitundika ukutani. Tereza anasema kwamba kuanzia hapo hata kupiga mluzi wakati wa kuranda mbao aliacha.

Mwezi Novemba 1996 marehemu alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi, na alipopimwa katika Hospitali ya Wilaya ya Utete aliambiwa ni moyo. Alipelekwa Muhimbili mwezi Agosti 1997, akakaa huko majuma kadhaa, akarudi na dawa na maelekezo ya kutofanya kazi nzito. Aliporudi ndipo alipomwambia mkewe neno ambalo liliinyima familia usingizi kuliko hata ugonjwa wenyewe. Alisema, "Nikifa, yule mtu asisogee kaburini kwangu." Tereza alimsihi, Paroko alimsihi, naye hakubishana na yeyote, alinyamaza tu, kama alivyonyamaza utotoni alipohama kutoka kwenye mkeka, na sisi tuliomfahamu tukajua kwamba atakufa na kinyongo hicho moyoni, na kwamba tutalazimika kusimama mlangoni siku ya msiba na kumfukuza mtu aliyekuwa ndugu yake.

Mvua za mwisho wa mwaka jana mnazikumbuka wenyewe, hazina haja ya kuelezwa. Mto ulipopanda na kuchukua mashamba ya mpunga, watu wengi walipanda kutoka delta kutafuta nchi kavu, na mwishoni mwa Januari mwaka huu Bi. Mwanawetu Sadala naye akarudi Kibiti na wajukuu zake, na kesho yake asubuhi akaja kumjulia hali mgonjwa, akamkuta ameketi barazani, miguu juu ya kigoda, na Tereza anachambua mchele.

"Mwanangu Damasi, pole," alisema Bi. Mwanawetu baada ya kuketi. "Nshaambiwa huko chini kwamba unaumwa, lakini maji yalinifunga. Sasa niambie, mtani wako ulimpelekea jogoo wa rangi gani? Maana alisema mweupe hamtaki."

"Mtani gani, mama?"

"Wewe una watani wangapi? Nassibu, mtoto wa Twalibu. Aliyechukua sanduku lako siku ya matanga."

Damas alisema kwamba matanga ya mama yake yalikaliwa Songea.

"Ya huko ni ya huko. Na sisi hapa tungekaa kimya, umefiwa na mama? Tulikaa hapa hapa barazani kwako, watu wa kiwanda wote, mimi ndiye niliyefungua mlango. Nassibu akaja kavaa gunia, kajipaka majivu mpaka kwenye kope, analia, 'Bibi yangu Mngoni kafa na mbuzi za watu!' Akaingia uani na toroli, akatoka na lile dude, anasema, 'Hii rehani! Mwambieni aje na jogoo, tena aje mwenyewe, bila jogoo Wangoni wote bubu kuanzia leo!' Tulicheka, mwanangu, hata tukasahau kwamba tumefiwa."

Tereza aliacha kuchambua mchele. Damas akauliza polepole, kama anayeogopa jibu, "Kwa hiyo alichukua rehani."

"Sasa alichukua nini?" Bi. Mwanawetu alishangaa. "Mtani anaiba?"

Ndugu waombolezaji, hakuna Mngoni wala Mmatumbi asiyejua kwamba mtani akija msibani huchukua kitu cha mfiwa, na kwamba mfiwa akitoka kwenye huzuni hukikomboa kwa jogoo au kwa unga, na wote hula pamoja, na hapo huzuni hukatika. Damas alilijua jambo hilo tangu tumboni. Lakini aliyeyaona yote alikuwa delta, walioyaona pamoja naye walitawanyika kutafuta kazi, waliobaki kila mmoja alidhani mwenzake keshamweleza, na Damas mwenyewe, kwa sababu kiwanda kilikuwa kimebomolewa na mikono ya watu aliowajua, alipoona ile alama ya vumbi aliona wizi, hakuona utani. Na Nassibu kwa upande wake alingoja jogoo, na alipopitwa sokoni bila salamu aliamini kwamba Damas amemkana, kwa sababu mtu anayekataa kumkomboa mtani wake amesema kwa vitendo kwamba hawajuani tena.

Tereza anasema marehemu alianza kucheka taratibu, akacheka mpaka pumzi ikamwishia wakalazimika kumpepea, na alipotulia alisema neno moja tu, "Jogoo."

Hakukubali kutumwa mtu. Bushiri alimbeba kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, akimsukuma kwa miguu kwenye tope, jogoo mwekundu akiwa amefungwa kwenye usukani, na watu wa mtaani waliowaona wakaanza kuwafuata bila kualikwa. Nassibu alikuwa mbele ya nyumba yake anafumua redio. Aliwatazama wanavyokuja, akamtazama jogoo, akamtazama Damas alivyokonda, na kwa muda ilionekana kama ataingia ndani na kufunga mlango.

"Jogoo mwenyewe mdogo," alisema hatimaye.

"Alikuwa mkubwa," Damas alijibu. "Amekonda kwa kukungoja."

"Nilingoja mimi! Miaka yote hii nimekaa na rehani kama mjane. Nikasema Mngoni amekuwa Mzungu, hataki tena utani."

"Nilifikiri umeiba, Nassibu."

Nassibu aliinuka. Alimshusha Damas kutoka kwenye baiskeli kwa mikono yake mwenyewe, akamketisha kwenye kiti alichokuwa amekalia yeye, ndipo akasema, "Na mimi nilifikiri umenidharau. Basi tumekuwa wajinga wawili, na mjinga mkubwa ni wewe, maana mimi walau nilikuwa na sanduku."

Bi. Maimuna, mkewe Nassibu, akatoka ndani akifunga kanga. "Shemeji, karibu, na uondoke na mke mwenzangu huyo leo hii," alisema. "Kila mwezi anakwenda kuazima jenereta alipashe moto, eti lisishike unyevu. Mimi nikiumwa kichwa naambiwa nilale."

Waliingia ndani, wakaikuta amplifaya imewekwa juu ya matofali ili mchwa wasiifikie, imefunikwa kanga ya Maimuna, na Nassibu akaeleza kwamba hakuwahi kuunganisha gitaa lolote kwenye sanduku lile, ingawa bendi za Ikwiriri zilimwomba mara nyingi, kwa sababu rehani hutunzwa, haitumiwi.

Jumapili ya tarehe 22 Februari, Jumapili ya mwisho kabla ya Kwaresima, baada ya misa na baada ya adhuhuri, Nassibu aliileta amplifaya kwa toroli hadi uani kwa Damas, Bwana Abbasi mwenye mashine ya kusaga akatoa jenereta, na watu wakajaa mpaka kwenye miembe ya jirani. Nassibu aliwasha, akasubiri vali zipate rangi, Damas akaegemeza gitaa kwenye paja lake lililovimba, akachagua pikapu ya shingoni, akapiga. Sauti ilitoka hafifu, safi, mbali, kama inatoka nyumba ya tatu, na Emmy anasema alimtazama baba yake akaogopa kwamba safari hii moyo utasimama kweli.

"Umelifanya nini gitaa, wewe?" Nassibu aliuliza.

"Bushiri aliizungushia pikapu waya mpya."

"Waya upi?"

"Wa transfoma," Bushiri alisema kutoka nyuma ya watu. "Mnene kidogo. Mizunguko haikuenea."

"Mmelitia kitambaa mdomoni!" Nassibu alisema, lakini alikuwa tayari ameinama kwenye vitufe. Alieleza, huku akifanya, kwamba pikapu yenye mizunguko michache hutoa umeme mchache, kwa hiyo sanduku lilikuwa halijaamshwa, na kwamba zamani ingekuwa makosa kulifungulia kiasi hiki kwa sababu lingeunguruma, lakini sasa kuna nafasi. Akapunguza besi, akafungua nguvu mpaka karibu na mwisho, akasubiri tena, akamwambia Damas apige kwa nguvu kama anayedai. Damas alipiga. Safari hii sauti ilikuja mbele, wazi juu, na nyuma yake unene ule wa vali ukaingia taratibu, na alipoongeza mkono ikaanza kukwaruza kwenye kingo, si kwa uzito wa zamani, ila kwa wepesi, kama kicheko cha mtu anayejizuia. Nassibu alimtazama usoni. Damas alifumba macho. Nassibu akaondoa mkono.

Baada ya wimbo wa kwanza Damas alisema, "Si ile."

"Si ile," Nassibu alikubali.

"Iache hivyo hivyo."

Walipiga hadi mafuta ya jenereta yakaisha. Kwaresima nzima marehemu hakupiga nyimbo za dansi, lakini Nassibu alikuja kila siku baada ya swala ya alasiri, wakatukanana barazani, na Jumapili ya Pasaka, tarehe 12 Aprili, gitaa lilipigwa kanisani kupitia sanduku la vali, Nassibu akiwa amesimama nje ya mlango wa pembeni akisikiliza, na wale waliokuwepo wanajua hapakuwa na mtu aliyefikiria mnada.

Mwishoni mwa Aprili hali ilibadilika. Tarehe 2 Mei alipelekwa Utete kwa njia ya Mkongo, akavushwa mto ukiwa bado umejaa, Nassibu akimshikilia mabega kwenye kivuko na kumwambia kwamba Wangoni hawajui kuogelea kwa hiyo akianguka hatafuatwa, na mgonjwa alicheka, manesi wa upande wa pili wakashangaa wagonjwa wa namna hiyo. Alipokea sakramenti tarehe 7 Mei. Alifariki asubuhi ya Jumamosi tarehe 9 Mei 1998, Tereza akiwa amemshika mkono mmoja na Nassibu mwingine. Siku moja kabla aliita familia, akafuta kwa kauli yake mwenyewe lile neno alilomwambia Tereza, akaagiza isomwe leo kwamba Nassibu Twalibu Mbonde hakuiba, na kwamba kosa la kutouliza lilikuwa lake.

Familia inamshukuru Dk. Zefania Malekela na manesi wote wa Hospitali ya Utete, madaktari wa Muhimbili, wavushaji wa kivuko, Baba Paroko na kwaya, mashehe na majirani Waislamu waliolala nasi msibani, Bi. Mwanawetu Sadala ambaye bila ulimi wake leo tungekuwa watu wengine kabisa, Bwana Bushiri, Bwana Abbasi, na wafanyakazi wote waliokuwa Kiwanda cha Mbao na Boriti, hata waliotoka mbali. Kaburi lilichimbwa jana na Nassibu na wanawe, na hakukubali kupokewa jembe.

Marehemu aliacha agizo moja kuhusu mali, kwamba gitaa na amplifaya visitenganishwe, anayetaka kimoja achukue vyote, na Tereza na Nassibu wamekubaliana vikae nyumbani kwa Tereza, na Nassibu aendelee kuja kuvipasha moto kila mwezi kama alivyozoea.

Tulijiandaa kwa mazishi mengine, mazishi ya kumzuia mtu mlangoni. Mungu ametupa haya, ambayo tunalia lakini hatuogopi kutazamana. Damas Kasian Luambano, umekwenda ukiwa umepatana na kila mtu. Pumzika sasa, kwa amani uliyoipata ungali hai.